Kuomba hifadhi ya ukimbizi nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyefika Kenya akikimbia, awe ameingia kwa basi kupitia Busia au Malaba, awe amepita njia za panya, na sasa amefikia kwa ndugu jijini Nairobi, Kayole, Githurai au Kangemi, ambako kila mtu anamshauri lake. Maneno ya mtaani ni mengi, na mengine yamewaponza watu. Tumekusanya hapa maswali yanayoulizwa zaidi na wanaotoka Congo, Burundi, Rwanda na Sudan Kusini. Tunayajibu kwa kufuata Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, na pia kwa kueleza mambo yanavyokwenda hasa, maana sheria na hali halisi havilingani kila mara.

Jambo moja tulitangulize. Kuanzia kusajiliwa hadi kupewa kitambulisho, hakuna hatua hata moja inayolipiwa. Anayekudai pesa anakuibia, hata kama amevaa beji.

Nani anahesabiwa kuwa mkimbizi?

Sheria ya Kenya ina milango miwili. Wa kwanza unatoka kwenye Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951: mtu aliye nje ya nchi yake, anayeogopa kwa sababu za msingi kwamba akirudi atateswa kwa ajili ya kabila au rangi yake, dini yake, uraia wake, msimamo wake wa kisiasa, au kwa kuwa yumo katika kundi fulani la jamii. Mwanamke anayekimbia kukeketwa au kuozwa kwa nguvu anaweza kuingia kwa mlango huu wa kwanza. Wengi hawajui hilo, na hunyamaza wakidhani ni "mambo ya nyumbani" tu.

Mlango wa pili unatoka kwenye Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969. Huo unampokea mtu aliyelazimika kukimbia kwa sababu ya uvamizi kutoka nje, kukaliwa na jeshi la kigeni, au matukio yaliyovuruga vibaya usalama wa umma katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Mtu aliyetoka Goma waasi wa M23 walipoingia mwishoni mwa Januari 2025, au Bukavu katikati ya Februari mwaka huo, anaweza kusimama hapa hata kama hakuna aliyemtafuta yeye binafsi.

Umaskini peke yake, ukame peke yake, au kukosa kazi si sababu ya hifadhi. Lakini maisha ya watu hayaji yakiwa yametenganishwa hivyo. Kama ulipoteza shamba kwa sababu walikufukuza kwa kabila lako, hiyo si habari ya umaskini. Ieleze yote.

Kusema "kwetu kuna vita" kunatosha?

Hapana. Kuna nchi zinazowapokea Wakongo kwa makundi, kama Uganda, bila kumhoji kila mmoja kwa kina. Kenya ina uwezo huo kisheria, na mwaka 2014 iliutumia kwa Wasudani Kusini. Mkongo, Mrundi au Mnyarwanda akija Kenya kwa kawaida huhojiwa yeye mwenyewe, na uamuzi hutolewa juu ya maelezo yake. Vita ni mandhari. Wewe ulikuwa wapi ndani ya vita hivyo, na nini kilikufika, ndicho wanachotaka kusikia.

Mwomba hifadhi na mkimbizi wana tofauti gani?

Mwomba hifadhi ameshajiandikisha lakini hajajibiwa. Mkimbizi ameshakubaliwa. Wote wawili hawapaswi kurudishwa kwenye hatari. Tofauti unaiona zaidi kwenye karatasi unazopewa: wa kwanza hupata pasi ya mwomba hifadhi, wa pili hupata kitambulisho cha mkimbizi, kile ambacho watu bado wanakiita alieni.

Niliingia bila pasipoti wala muhuri. Nitafungwa?

Sheria inasema mtu aliyeingia kinyume cha taratibu za uhamiaji hashtakiwi kwa kuingia kwake ikiwa ameomba hifadhi kwa nia njema. Kwa hiyo kinachokulinda ni kuomba. Ukikaa miezi nane ndani ya nyumba ukiogopa kutoka, huna ulinzi wowote mkononi siku msako utakapopita.

Nina siku ngapi?

Siku 30 tangu uingie nchini. Ukichelewa, nenda hivyo hivyo na useme kwa nini: ulikuwa mgonjwa, ulikuwa umejifungua, hukujua pa kwenda, au mambo yaliharibika kwenu ukiwa tayari uko Kenya kwa masomo au biashara. Hilo la mwisho hutokea sana. Warundi kadhaa walikuwa nje ya nchi yao ghasia zilipoanza Aprili 2015, na mtu wa namna hiyo ana haki ya kuomba sawa na aliyevuka mpaka akikimbia risasi.

Niende ofisi gani?

Kazi ya kusajili na kuamua nani ni mkimbizi ni ya serikali, kupitia Idara ya Huduma za Wakimbizi iliyo chini ya wizara ya usalama wa ndani. Watu huiita DRS. Shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, UNHCR, ndilo lililofanya kazi hiyo zamani, na mpaka leo linaisaidia Idara, lakini anayekupa hadhi ni Kamishna wa Wakimbizi.

Kwa miaka mingi waombaji wa Nairobi wamehudumiwa katika ofisi ya Shauri Moyo. Kambi za Kakuma na Dadaab zina ofisi zake pia. Utaratibu wa mjini hubadilika: kuna vipindi wageni wapya hupokelewa Nairobi, na vipindi huambiwa waende kujiandikisha Kakuma. Kabla ya kupanda gari, angalia tovuti ya msaada ya UNHCR upande wa Kenya, au uliza shirika la msaada wa kisheria. Usimuulize anayekaa nje ya geti na kalamu mfukoni.

Fika mapema, na uende na familia yote. Kila mtu anayetaka kuandikwa lazima aonekane, kwa sababu watachukua picha, alama za vidole na za macho.

Nibebe nini?

Chochote ulicho nacho: kadi ya mpiga kura ya Congo, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kadi ya shule, karatasi ya hospitali, picha, barua ya wito kutoka polisi. Kama huna kitu, nenda bila kitu. Watu wanaotoroka usiku hawasimami kutafuta faili, na maafisa wanalijua hilo. Usitengeneze karatasi ya uongo kuziba pengo. Karatasi moja ya kughushi ikigunduliwa, hata maneno yako ya kweli yanaanza kutiliwa shaka.

Karatasi zako za asili usimwachie mtu. Toa nakala, zipige picha kwa simu, na picha hizo uzihifadhi pia kwenye barua pepe yako.

Siku ya kusajiliwa wataniuliza kila kitu?

Hapana. Wataandika majina, umri, kwenu, familia, na kwa kifupi sababu ya kukimbia. Hapa ndipo makosa madogo huzaliwa na kukusumbua baadaye. Jina la baba limeandikwa vibaya, mwaka wa kuzaliwa wa mtoto umekosewa, mke wa ndoa ya kimila hakutajwa. Omba usomewe kabla hujaondoka, na uombe kosa lirekebishwe hapo hapo. Mtoto uliyemwacha Uvira kwa bibi yake mtaje pia, hata kama hayupo nawe. Ukija kumtaja miaka mitatu baadaye, ataonekana ni mtoto wa kubuni.

Interviu kubwa inakwendaje?

Hili ndilo swali zito kuliko yote, kwa hiyo tutakaa hapo kidogo.

Siku hiyo utakaa chumbani na afisa mmoja, na mkalimani ikihitajika. Inaweza kuchukua saa kadhaa. Ataanza na wewe ni nani: kijiji, grupema na teritware (ngazi za utawala kule Congo), chifu wa pale, siku ya soko, shule uliyosoma, lugha mnayozungumza nyumbani. Haya si maswali ya kukutega. Anataka kujua kama kweli unatoka unakosema. Kisha ataingia kwenye kilichotokea: lini, nani alifanya, alisema nini, wewe ulifanya nini, ulikimbilia wapi kwanza, kwa nini hukubaki sehemu nyingine ya nchi yako, na unaogopa nini ukirudi.

Chukua mfano wa mama anayetoka Rutshuru, mashariki mwa Congo. Anaweza kusema: "Waasi walikuja, wakaua watu, tukakimbia." Ni kweli yote, lakini maelfu wangesema hivyo hivyo. Mama yuleyule, akitulia, ataeleza kwamba ilikuwa Jumapili baada ya ibada, kwamba waliokuja walikuwa saba na wawili kati yao walizungumza lugha ya pale, kwamba walimwita mumewe kwa jina kwa sababu alikuwa katibu wa kikundi cha vijana, kwamba walitaka daftari la majina, kwamba yeye alikuwa nyuma ya nyumba kwenye migomba na mtoto mgongoni akiwa amemziba mdomo. Hajaongeza uongo hata mmoja. Amemweka afisa pale uani. Maelezo ya namna hiyo hayafundishwi na mtu, kwa sababu mwenye kuyapitia tu ndiye anayejua migomba ilikuwa upande gani.

Tarehe zinawasumbua wengi. Kama huikumbuki, usikisie. Sema "ilikuwa wiki ya pili baada ya Pasaka", "tulikuwa tunavuna maharagwe", "mtoto wangu wa mwisho alikuwa bado hajatembea". Hayo ni majibu kamili. Tarehe ya kukisia leo na nyingine ya kukisia mwezi ujao zitaandikwa kwenye faili kuwa umejipinga.

Mkalimani ni haki yako, na ana wajibu wa kutunza siri. Kama humwelewi vizuri, au unaogopa kabila lake au chama chake, sema mwanzoni kabisa. Ukingoja mpaka ukataliwe ndipo useme hukumwelewa, watauliza kwa nini ulinyamaza. Aliyefanyiwa ukatili wa kingono anaweza kuomba afisa na mkalimani wa kike, au wa kiume akitaka hivyo. Wanaume nao hufanyiwa ukatili huo vitani, na wengi hukaa na siri hiyo mpaka kesi inaharibika. Jambo kubwa namna hiyo likifichwa, maelezo yote yanaonekana yana tundu katikati.

Mume na mke huhojiwa kila mmoja peke yake. Msikae usiku kucha kukariri jibu moja. Watu wawili walioona jambo moja hawalisimulii kwa maneno yaleyale, na afisa mwenye uzoefu hushtuka zaidi anaposikia sentensi zinazofanana.

Ukishindwa kuendelea, omba maji, omba mapumziko. Kulia si kosa.

Kuna jamaa anauza "kesi nzuri". Anasema yangu ni nyepesi.

Tafadhali, ndugu yangu, usinunue. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu tumeona matokeo yake. Jamaa hao huwa na visa vitatu vinne wanavyovizungusha: mwanaharakati aliyetoroka jela, mtoto wa kiongozi wa upinzani, shahidi wa mauaji. Ofisi imeshavisikia. Mtu aliyekuwa na sababu ya kweli kabisa ya kupewa hifadhi, nyumba yake imechomwa na kaka yake ameuawa, anaingia na kisa cha kununua, anakwama kwenye swali la tano, na anatoka bila chochote. Kurudi baadaye kusema "sasa nitaeleza ukweli" kunawezekana, ila ni kupanda mlima.

Udanganyifu ukigunduliwa hata baada ya miaka mingi, hadhi inaweza kufutwa, na ya mke na watoto waliopata kupitia kwako nayo ikayumba.

Biashara hii si mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulifichua mtandao hapa Nairobi uliokuwa ukiwauzia wakimbizi nafasi za kwenda nchi za Magharibi kwa maelfu ya dola. Waliolipa walikuwa watu waliouza kila kitu.

Niliwahi kubeba silaha. Nifiche?

Usifiche. Aliyefanya uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu, au kosa kubwa lisilo la kisiasa kabla ya kuja huku hapewi hadhi ya ukimbizi. Lakini kubeba bunduki hakukufanyi moja kwa moja kuwa mhalifu wa kivita. Kijana aliyechukuliwa na wapiganaji wa Mai-Mai kule Congo akiwa na miaka 13, askari aliyetoroka kwa kukataa amri ya kuua raia, mtu aliyepikia wapiganaji akiwa mateka: kila mmoja huangaliwa kwa undani wake. Mpiganaji wa zamani hutakiwa aonyeshe kwamba ameiacha kabisa kazi hiyo. Kesi ya namna hii usiende nayo bila mwanasheria.

Congo sasa iko Jumuiya ya Afrika Mashariki. Si afadhali niingie kama raia wa Jumuiya kuliko kuitwa mkimbizi?

Swali hili limeanza kuulizwa sana tangu Congo ijiunge mwaka 2022. Burundi na Rwanda zimo tangu 2007, Sudan Kusini tangu 2016, Somalia tangu 2024. Sheria ya 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya kuacha hadhi yake kwa hiari ili apate haki za raia wa Jumuiya: kuingia, kukaa, kufanya kazi kwa taratibu za soko la pamoja.

Kwa mtu ambaye hatari imemwisha, na ana pasipoti halali, na anataka kufanya biashara kati ya Nairobi na Goma, inaweza kumfaa. Kwa mtu anayeiogopa serikali yake, ni jambo la kufikiri mara mbili tatu. Haki za Jumuiya zinategemea hati ya nchi yako. Pasipoti ikiisha, utaingia ubalozini kwenu kuomba nyingine. Na raia wa Jumuiya anaweza kurudishwa kwao akivunja masharti ya ukaaji, wakati mkimbizi ana kinga ya kutorudishwa kwenye hatari. Maoni yetu ni haya: usiiachie kinga hiyo kwa sababu neno "mkimbizi" linakuumiza. Linaumiza, tunajua. Ila ongea kwanza na mwanasheria, na usisaini karatasi yoyote ya kuacha hadhi ambayo hukusomewa hadi mwisho.

Nilishasajiliwa kambini Nakivale, Uganda, au Nyarugusu, Tanzania. Naweza kuomba tena Kenya?

Sema ukweli kwamba ulisajiliwa. Alama za vidole zinaweza kukufichua. Kama uliondoka kule kwa sababu ya usalama, kwa mfano waliokuwinda walikufuata hadi kambini, hilo ndilo la kueleza, pamoja na hatua ulizochukua kule kabla ya kuondoka. Kama uliondoka kwa kuwa maisha yalikuwa magumu tu, ujue kesi yako itakuwa ngumu.

Majibu huchukua muda gani?

Sheria imeweka siku 90. Hali halisi ni miezi mingi, na wapo waliongoja miaka. Wakati wa kungoja, hakikisha pasi yako haiishi muda. Iandike tarehe ya kuihuisha ukutani.

Nimekataliwa. Ndiyo mwisho?

Si mwisho. Una siku 30 za kukata rufaa kwa Kamati ya Rufaa ya Hadhi ya Wakimbizi, na ukishindwa huko unaweza kwenda Mahakama Kuu. Siku zinakimbia, kwa hiyo usizimalize kwa kulia na kusali peke yake. Siku unayopewa barua, omba sababu kwa maandishi, na nenda nayo kwa mwanasheria wiki hiyo hiyo. Rufaa nzuri hujibu sababu moja moja iliyotajwa: walisema hukuweza kutaja vijiji jirani, nawe unaeleza kwamba ulikuwa umekaa pale miezi miwili tu.

Msaada wa bure wa kisheria upo. Refugee Consortium of Kenya, Kituo cha Sheria na HIAS wamefanya kazi hii kwa miaka. Kituo cha Sheria ndicho kilichoishtaki serikali ilipoamuru wakimbizi wote wa mijini wahamie kambini, na Julai 2013 Jaji David Majanja akaibatilisha amri hiyo.

Polisi wamenikamata na sina karatasi.

Sema maneno haya, kwa afisa wa kituo na kwa hakimu: "Mimi ni mwomba hifadhi. Naogopa kurudi kwetu." Yarudie mpaka yaandikwe. Watu hufikishwa mahakamani kwa kosa la kuwa nchini bila kibali, wanakubali kosa kwa kuwa hawakuelewa kinachosomwa, na wanahukumiwa kifungo au faini kisha kurudishwa makwao. Usikubali kosa usilolielewa, omba mkalimani. Aliyeko nje apigie simu shirika la kisheria au UNHCR mara moja. Namba hizo ziwe kwenye karatasi ndani ya nyumba, maana simu yako itakuwa imechukuliwa.

Kisheria Kenya hairuhusiwi kumrudisha mtu kwenye mateso. Lakini imeshatokea: Oktoba 2024 serikali ilithibitisha kwamba iliwarudisha Uturuki Waturuki wanne waliokuwa hapa kama wakimbizi. Ndiyo maana tunasisitiza watu wa nje wajue mapema umekamatwa na uko kituo gani.

Lazima niishi Kakuma?

Kanuni ni kwamba waombaji na wakimbizi wakae maeneo yaliyotengwa, yaani Dadaab, iliyoanza 1991, Kakuma, iliyoanza 1992, na Kalobeyei iliyo jirani yake. Ruhusa ya kukaa Nairobi hutolewa kwa sababu maalumu, kama matibabu, usalama au masomo. Ukiwa kambini, kutoka nje ya eneo kunahitaji kibali cha kusafiri kutoka DRS, na basi la Lodwar hadi Kitale lina vizuizi vya kutosha kukukumbusha. Machi 2025 serikali ilizindua mpango uitwao "Shirika", unaolenga kuzigeuza kambi kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji wanatumia shule, hospitali na masoko pamoja. Mpaka kanuni ya kutembea ibadilike kwenye karatasi, chukua kibali.

Na chakula?

Tusidanganyane, kimepungua sana. Tangu Agosti 2025 familia za kambini zimepangwa makundi kulingana na hali zao, na zilizoonekana zinajiweza zimeondolewa au kupunguziwa. Ukiona umewekwa kundi lisilo lako, kuna njia ya kulalamika. Itumie, na uandikishe ulemavu, ugonjwa wa kudumu au kwamba unalea peke yako.

Naweza kufanya kazi?

Mkimbizi aliyekubaliwa anaweza kuomba kibali cha kazi daraja M, ambacho hakina ada, akiwa na barua ya DRS. Kukipata huchukua muda. Wengi hujiajiri: kushona, kusuka, kuuza vitenge, saluni. Kwa biashara utahitaji kibali cha kaunti kama mtu mwingine yeyote. Kitambulisho cha Kenya cha kununua usikiguse hata ukipewa kwa bei ya chini. Ni jinai, na kinaua kesi yako siku hiyo hiyo.

Mtoto wangu amezaliwa hospitali ya Pumwani, Nairobi. Ni Mkenya?

Hapana, isipokuwa mzazi mmoja awe Mkenya. Katiba ya 2010 inamfanya mtoto wa mama Mkenya au baba Mkenya kuwa raia kwa kuzaliwa. Mtoto wa wakimbizi wawili hafuati mahali alipozaliwa. Lakini cheti cha kuzaliwa ni haki yake: chukua karatasi ya hospitali, andikisha mapema, kisha mwongeze kwenye faili lako DRS. Mtoto asiye na cheti wala faili ni mtoto anayeandaliwa kukosa nchi. Kenya inalijua tatizo hilo. Wamakonde waliokaa pwani tangu enzi za ukoloni walipewa uraia mwaka 2016 tu, na Wapemba wa pwani mwaka 2023.

Mama yangu amefariki. Naweza kwenda kumzika na kurudi?

Pole sana. Kurudi kwa hiari kwenye nchi uliyoikimbia kunaweza kuonekana kwamba hatari imekwisha, na hadhi yako ikaguswa. Safari fupi ya msiba haifuti hadhi yenyewe kwa yenyewe, lakini itabidi uieleze, na ukikamatwa huko, Kenya haiwezi kukutoa. Usiende kimya kimya. Pata ushauri kwanza. Hati ya kusafiria ya wakimbizi inayotolewa na Kenya haitumiki kwenda nchi uliyotoka.

Nikikubaliwa, nitapelekwa Marekani lini?

Kupewa hifadhi Kenya si tiketi ya ndege. Kuhamishiwa nchi ya tatu hakuombwi kwa fomu ya kununua: UNHCR huwachagua wachache walio hatarini zaidi. Marekani, iliyokuwa ikichukua wengi kuliko wengine, ilisimamisha mpango wake Januari 2025, na familia zilizokuwa zimeshauza vitanda zikisubiri safari zilibaki hapa. Ukiambiwa leo kuna orodha mpya na ada ya kuingizwa, huo ni wizi.

Mimi ni Mtanzania. Nitachekwa nikiomba?

Sheria haiulizi sifa ya nchi yako. Januari 2001, baada ya watu kuuawa Pemba kwenye maandamano, Wapemba wapatao 2,000 walivuka kwa mashua hadi Shimoni, pwani ya Kenya, wakapokelewa kama wakimbizi. Eleza kilichokufika wewe.

Nimebadilisha namba ya simu. Kuna shida?

Kubwa kuliko unavyodhani. Miadi ya interviu na taarifa ya uamuzi huja kwa simu. Ukiitwa usipatikane, faili linaweza kufungwa kwamba umeacha maombi. Nenda ubadilishe namba DRS na pia UNHCR, kila moja kwa upande wake, na uache namba ya pili ya mtu wa kuaminika. Kama faili limeshafungwa, omba lifunguliwe tena kwa barua inayoeleza kilichotokea, ambatanisha nakala ya pasi yako, na uhakikishe nakala unayobaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa.